Alama ya toni isipoonekana ukutani

Mwaka jana nilisimama mbele ya profesa na wenzangu kueleza toni za Kilingala. Nilionyesha ukutani picha ya ukurasa wa daftari moja la zamani, wenye maneno mawili niliyoyategemea: moto, yaani mtu, na motó, yaani kichwa. Tofauti yote iko katika alama ndogo juu ya o ya mwisho. Ukutani haikuonekana. Profesa akauliza, "Ushahidi uko wapi?" Nilikosa jibu.

Wengi wetu hulaumu projekta. Mimi nasema kosa ni letu. Picha ile ilipigwa kwa simu, pikseli 4000 kwa 3000. Rafiki alinitumia kama picha ya kawaida katika ujumbe, ikapunguzwa njiani. Nami nikaweka ukurasa mzima kwenye slaidi moja. Projekta nyingi za zamani zinatoa pikseli 1024 kwa 768 tu. Ukurasa wa mistari 30 ukibanwa humo, kila mstari unapata kama pikseli 25 za urefu. Alama ya toni inabaki na moja au mbili.

Wengine hushauri kuongeza dpi. Namba hiyo ni ya kuchapa kwenye karatasi; ukutani zinahesabika pikseli. Na picha ndogo ukiivuta iwe kubwa, unapata ukungu mkubwa.

Dawa ni rahisi. Omba picha itumwe kama faili. Kata mistari miwili au mitatu unayoizungumzia, uiache ijaze slaidi. Katika mipangilio ya PowerPoint, zima ule ubanaji wa picha kabla ya kuhifadhi.

Najua mtaniambia picha nzito zinakula mega na kugandisha kompyuta zetu. Kweli, lakini faili hiyo unaipokea mara moja tu, na kipande kilichokatwa ni chepesi kuliko ukurasa mzima.

Sisi ndio tunaodai lugha zetu ziandikwe pamoja na toni zake. Tukionyesha ukurasa usiosomeka, tunawaomba watu watuamini tu. Kwa hiyo, kabla ya kutetea kazi yako, washa projekta, nenda ukae benchi la mwisho. Kama wewe mwenyewe hutofautishi mtu na kichwa, usitegemee jopo litofautishe.