Kitale na Endebess: Iko, Ziko au Kuko?

Mwanafunzi wa Endebess aandikapo «Kitale na Endebess iko Trans Nzoia», hukatwa alama na kuambiwa tu kwamba kiambishi sahihi ni zi-. Sababu haelezwi. Hapo ndipo anapodhulumiwa, kwa kuwa kosa lake lina asili. «Miji ya Kitale na Endebess iko Trans Nzoia» ni sentensi sahihi kabisa. I- hiyo ni ya wingi, ya miji, wala si ya umoja. Nomino miji ikiondolewa, upatanisho wake huondoka nayo. Yabaki majina mawili ambayo kila moja hupatana katika ngeli ya I-ZI (Kitale imekua, Endebess imekua), nayo yakiandamana hudai zi-: Kitale na Endebess zimekua.

Hata hivyo, zi- isifanywe kanuni ya pekee. Katika «Kitale na Endebess kunalimwa mahindi», ku- haihesabu miji; yaonyesha mahali tendo lifanyikapo, pawe pamoja au kumi. Mwalimu aisahihishaye iwe «zinalimwa mahindi» huharibu Kiswahili kizuri, tena kwa wino mwekundu.

Maana nayo huamua. Mwaka 2006 Trinidad na Tobago ilishiriki Kombe la Dunia nchini Ujerumani: majina mawili, nchi moja, i- ya umoja. Tanganyika na Zanzibar, kwa upande wao, ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na zi- hiyo yakiri kwamba hadi siku ile zilikuwa dola mbili.