Nani Ahubiriwe Ukinaifu?

Kwamba ukinaifu ni hazina isiyoibwa, wazee wa pwani walilikubali zamani, na hapana haja ya kulijadili upya. Mwenye kukinai hulala usingizi. Mwenye tamaa hukesha akikilinda hata asichokuwa nacho. Ubishi uko kwengine. Katika tungo nyingi zinazousifu ukinaifu leo, anayehubiriwa ni nani? Ni maskini. Na mfano unaopendwa ni mchimba dhahabu wa bara, aingiaye ardhini akafukiwa. Tamaa mbele, mauti nyuma, huambiwa marehemu, na shairi hukoma hapo kana kwamba hesabu imekwisha.

Haijakwisha. Na itazamwe Mpanda, katika mkoa wa Katavi uliozaliwa mwaka 1912 ukiongezwa karne moja, yaani 2012, ulipomegwa kutoka Rukwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wakoloni walianza kutandika reli ya kilomita zipatazo 210 kutoka Kaliua hadi huko. Hawakuitandika kwa kumhurumia mkulima wala mrina asali. Waliifuata risasi, pamoja na shaba, fedha na dhahabu iliyochanganyika nayo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 mgodi ulikuwa umekwisha kufungwa. Walioondoka na mali hawakutungiwa hata ubeti mmoja wa kuwaonya. Aliyebaki na mashimo ndiye anayeambiwa aridhike.

Mchimbaji mdogo wa leo hushuka duarani kwa kamba. Mawe yake husagwa kwa karasha, unga ukachanganywa na zebaki ili ikamate chembe za dhahabu, kisha donge likachomwa juu ya moto. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Mvuke ule huingia mapafuni, hudhuru mishipa ya fahamu, na humfikia hata mtoto aliye tumboni. Tanzania iliridhia mwaka 2020 mkataba wa dunia wa Minamata unaokusudia kupunguza sumu hiyo, lakini mkataba hauzimi moto wa mtu anayetafuta ada ya shule.

Je, huyu ni mtumwa wa tamaa? Wamo wenye tamaa, hilo halikanushiki. Wapo wanaopata usiku wakawa hawana kitu alfajiri. Lakini haja si tamaa. Mwenye njaa hakinai, huvumilia tu, na uvumilivu si ukinaifu. Anayekinai ni yule awezaye kuongeza, kisha akazuia mkono wake. Kumsifu kwa ukinaifu mtu asiyekuwa na la kuzuia ni kumdhihaki kwa vina.

Basi mkono wa kuzuiwa ni upi? Dhahabu ikishayeyushwa haina kwao. Husafiri hadi masoko ya mbali, ikarudi visiwani na mwambao imekuwa mikufu, vipuli na bangili. Hapana bibi harusi awezaye kuapa kwamba chake hakikupita katika mvuke ule. Si pambo lenyewe lililo dhambi. Uzuri nao ni neema. Dhambi ni yale mashindano ya harusi, ambapo familia hukopa ili shingo ya binti yao isipitwe na ya jirani, na washairi walewale wanaokemea tamaa hualikwa kuisifu shingo hiyo, wakalipwa.

Mwandishi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, hakufanya hivyo. Alipotaka kusema juu ya ubatili wa dunia, hakuwaendea wavuvi. Aliyaonesha majumba ya mabwana wa Pate yaliyokuwa yakimeta kwa taa, yakawa makao ya popo na buibui. Na aliyemsuta katika utenzi wote ni moyo wake mwenyewe. Huo ndio mwendo ulioachwa: onyo lilipanda juu na kurudi ndani, leo linateremka chini na kwenda mbali.

Kando ya Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1974, upo mkwaju ambao wenyeji huuheshimu kuwa makao ya roho ya Katabi, mwindaji mashuhuri. Wapitao huweka sadaka shinani kuomba baraka. Mtu aweza kuikataa imani hiyo, lakini adabu yake ni fundisho: hutoa kwanza anayetaka kupata. Na karibu na hapo Mto Katuma, ambao maji yake huzuiwa juu kwa ajili ya mashamba ya mpunga, hukauka kiangazi hata viboko wakasongamana matopeni. Mto haumuulizi mtu ana kiasi gani. Huonesha tu nani alichukua kupita kiasi.

Ukinaifu, basi, si kinga ya maskini dhidi ya ndoto zake. Ni haki inayodaiwa kwa mwenye nacho. Mshairi atakaye kuuhubiri na aanze harusini, mbele ya waliomwalika.