Msaada ni Jembe

Mwaka 1885 alifariki Francis Drexel, tajiri wa benki huko Philadelphia. Binti yake Katharine akaingia utawa, na pato la urithi wake akalitoa kwa shule za watu weusi na za wenyeji wa asili wa Marekani. Mwaka 1925 shule yake ya New Orleans ikawa chuo, ndicho Xavier.

Lakini wasia wa baba uliagiza: binti zake wakifa bila watoto, mali iende kwa mashirika mengine ya huruma. Basi Mama Katharine alipofariki mwaka 1955, chemchemi ile ikakauka. Ikabidi kutafuta msaada kwingine. Sheria ya 1965 ikafungulia vyuo vya watu weusi hazina ya serikali. Na mwaka 2014 taasisi za afya za taifa ziliipa Xavier fedha za kuwazoeza wanafunzi utafiti wa sayansi.

Fedha hununua darubini, bidii hainunuliwi. Walimu wa Xavier waliwafundisha wanafunzi kusoma pamoja, hodari akimwinua mnyonge, na chuo kidogo kikatoa madaktari wengi. Enyi wanafunzi, msaada ni jembe: shamba humngoja mkulima.