Chatu wa bure na hesabu ya miaka 20

RAHISI ghali, walisema wahenga. Usemi huo unawahusu hasa wale wanaokwenda katika vituo vya wanyama waliookolewa nchini Uingereza na kurudi nyumbani na chatu waliyepewa kwa mchango mdogo tu. Shirika la kutetea wanyama la RSPCA peke yake hupokea mamia ya nyoka kila mwaka. Wapo waliotupwa, wapo waliotoroka, na wapo ambao wenyewe walichoka kuwatunza.

Miongoni mwao ni chatu mdogo anayejikunja kama mpira akiogopa, ambaye wataalamu humwita Python regius. Asili yake ni Afrika, katika ukanda unaoanzia Senegal hadi kaskazini magharibi mwa Uganda. Kwa miongo kadhaa Ghana, Togo na Benin zimeuza nje makumi ya maelfu ya watoto wake. Wakusanyaji huchimba mashimo ya panya mashambani, huchukua mayai au majike wanaokaribia kutaga, na watoto wakianguliwa husafirishwa kwa ndege. Anayechimba shimo hupata kidogo kuliko wote. Siku hizi wafugaji wa Ulaya na Marekani nao wanamzalisha kwa wingi, hivyo bei ya chatu wa kawaida imeshuka, na mnyama wa bei ndogo hutupwa bila majuto.

Kosa la mfugaji anayeanza ni kudhani kwamba bei ya nyoka ndiyo gharama ya nyoka. Chatu huyu anaweza kuishi miaka 20 hadi 30 akitunzwa. Mwaka 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, jike mmoja alitaga mayai 7 akiwa anakadiriwa kuwa na umri wa miaka 62. Ng'ombe wa maziwa hana mkataba mrefu namna hiyo.

Chukua chakula peke yake. Chatu mkubwa akila panya mmoja kila baada ya wiki mbili, kwa mwaka ni panya 26, na kwa miaka 20 ni panya 520. Panya akihesabiwa kwa pauni 2 tu, hiyo ni zaidi ya pauni 1,000, tena kwa mnyama aliyepatikana karibu bure. Panya hao hununuliwa wakiwa wamegandishwa. Huyeyushwa ndani ya jokofu, kisha hupashwa kwa maji ya moto wakiwa ndani ya mfuko hadi wawe vuguvugu, na hupelekwa kwa koleo ndefu, si kwa vidole. Unene wa panya usizidi sana sehemu nene ya mwili wa nyoka.

Kwa mkulima wa Morogoro, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine kimewatafiti panya waharibifu kwa miaka mingi, habari ya mtu kununua panya inachekesha. Lakini panya wa ghalani hafai hata kidogo kwa kazi hii. Huenda amekula sumu, na sumu hiyo humwua anayemla. Panya hai naye asiachwe na nyoka asiye na njaa, kwani atamtafuna mpaka kwenye mfupa.

Gharama ya pili ni joto. Nyoka hategemei joto la mwili wake mwenyewe, na akikosa joto hasagi chakula. Panya huoza tumboni au hutapikwa. Upande mmoja wa kizimba unahitaji nyuzijoto 31 hadi 33, upande wa pili kama 25, na kila upande uwe na pango la kujificha. Kifaa cha umeme kisicho na themostati huunguza nyoka. Umeme ulipopanda bei Uingereza mwaka 2022, bili hiyo haikuwa tena ya kupuuzwa.

Aliyeokolewa ana matatizo zaidi ya yule wa dukani. Mara nyingi amekonda, ana utitiri, au anapumua kwa mlio kwa sababu ya maambukizi ya kifua. Anahitaji daktari wa mifugo anayewajua nyoka, na hao si wengi. Asishikwe wala kulishwa kwa takriban wiki moja ya kwanza. Mlo wake wa kwanza uwe mdogo, maana tumbo lililokaa na njaa likijazwa ghafla hutapika. Akigoma kula wiki kadhaa, au akiwa anajivua gamba (neno ambalo Watanzania walilizoea zaidi katika siasa za mwaka 2011), mfugaji atazame mizani. Uzito ukiwa palepale, asubiri; ukizidi kushuka, aende kwa daktari. Anayeanza huingiwa na hofu na kumlazimisha, na hapo ndipo wengi huharibu.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inamtaka mwenye mnyama huko Uingereza amtunze ipasavyo, na kanuni za mwaka 2018 zinamtaka muuzaji wa wanyama awe na leseni na atoe maelezo ya matunzo. Hayo ni mazuri, ila hayatoshi. Muuzaji huondoka na faida, huku gharama ya nyoka aliyetupwa ikibebwa na vituo vinavyoishi kwa michango. Angelazimika kumpokea tena kila mnyama aliyemuuza, duka lingemhoji mteja kwa makini zaidi kuliko linavyofanya sasa.

Mtanzania anayeona hapa mwanya wa biashara aanze na sheria. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma, na chatu aliyeokotwa shambani hafugwi nyumbani bila kibali. Taarifa itolewe kwa maofisa wa wanyamapori.

Kwa aliye Uingereza na bado anamtaka chatu wa kituoni, bora hivyo kuliko kununua mwingine. Kabla ya kutia saini, aombe kumbukumbu za uzito na tarehe za milo mitatu ya mwisho. Kituo kisipokuwa nazo, amwache chatu hapo hadi ale mara tatu mfululizo bila kutapika.