MTI MKONGWE NI SHAHIDI WA MVUA



Kila msimu unapochelewa twasikia maneno haya: "Mvua za siku hizi si kama za zamani." Huenda ni kweli. Lakini sisi tuliofundishwa kwamba habari haipokelewi mpaka msimulizi wake ajulikane, inatupasa kuuliza: shahidi ni nani?

Katika nchi nyingi za joto vipimo vya mvua ni vichache, na vingi havirudi nyuma sana. Wazee hukumbuka, lakini mwanadamu husahau. Ndipo wataalamu wakaenda kuuliza miti.

Tutazame Bolivia, Amerika ya Kusini. Mwaka 2012 Roel Brienen na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya mti uitwao kitaalamu Cedrela odorata. Mti huu hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na kila mwaka huongeza pete moja ndani ya shina. Ukizihesabu pete, waijua miaka. Lakini unene wa pete hautoshi kueleza mvua, kwani mti hunenepa pia kwa mwanga na udongo. Hapo ndipo kemia ilipohitajika.

Maji yana oksijeni, na oksijeni si ya uzito mmoja. Karibu yote ina uzito wa 16. Kiasi cha chembe moja katika kila 500 ina uzito wa 18. Mawingu yatokayo Bahari ya Atlantiki hupita juu ya msitu wa Amazon yakinyesha njiani, na maji yenye oksijeni nzito hutangulia kuanguka. Mwaka wa mvua nyingi, mawingu hufika Bolivia yakiwa yamebakiwa na maji mepesi zaidi. Mizizi huyanywa, na alama yake hubaki katika pete ya mwaka ule. Hivyo miti michache ya Bolivia yaeleza mvua ya bonde kubwa la Amazon.

Wala ushahidi huo haukukubaliwa hivi hivi. Ulilinganishwa na vipimo vya mvua na vya maji ya Mto Amazon vya karne ya 20, ukaafikiana navyo.

Basi rai yetu ni hii. Kwanza, wanafunzi wenzetu, tusiisome kemia kwa ajili ya mtihani tu. Pili, tuihifadhi miti mikongwe. Mtaalamu huweza kutoboa shina na kutoa kipande chembamba kuliko penseli, mti ukabaki hai. Lakini mti wa miaka 100 ukifanywa mkaa, ushahidi wa miaka 100 umeungua. Atasema mtu: tutapikia nini? Hatusemi watu wasipike. Twasema miti ya kuni ipandwe, na mikongwe iachwe.

Tatu, kila madrasa iwe na kipimamvua na daftari lake. Tukianza kuandika leo, wajukuu wetu hawatalazimika kuuliza miti.