Kuacha Kazi kwa Kuogopa Kufukuzwa

Wako watu ambao, wakipata barua ya onyo na kuuona uso wa bwana wao umekunjana, huandika barua ya kuacha kazi usiku uo huo, wapate kusema: "Sikufukuzwa, nimetoka mwenyewe." Lakini fahari hiyo hailipi kodi ya nyumba.

Ndugu msomaji, kabla hujatia saini, fahamu unachokiacha. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri awe na sababu ya haki, na afuate utaratibu wa haki, ndipo amwachishe mtu kazi. Aliyedhulumiwa ana siku 30 za kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa naye ametimiza mwaka kazini hustahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, hadi miaka 10. Ila hakipati aliyeachishwa kwa haki kwa utovu wa nidhamu. Ajitoaye kwa hiari yake huyaacha hayo nyuma.

Basi ajuaye kuwa kosa ni lake, na amekwisha pata pengine pa kujishikiza, kutoka kwa adabu kwamfaa. Lakini asiye na kosa asijihukumu kabla hajahukumiwa. Ahifadhi barua zake, akiulize chama cha wafanyakazi, kisha ashauriane na watu wa nyumbani mwake. Kwani njaa na shibe yake ni yao pia.