Kila Pambo na Umri Wake

Skuli zimefungwa, joto la Doha limeshavuka nyuzi 40, na jioni watoto hawana pa kwenda ila kwenye maduka yenye kiyoyozi. Pita Villaggio, pita Doha Festival City, pita Mall of Qatar au Place Vendôme kule Lusail, utawakuta mabinti zetu wamejazana kwenye vipodozi. Sisemi wale wa miaka 18 wanaotafuta rangi ya mdomo ya kuendea harusini. Nasema wale wa miaka 9, 10 na 11, ambao juzi tu walikuwa wakitulilia midoli.

Na wanachokitafuta, mama zangu, ni dawa ya kuondoa makunyanzi.

Makunyanzi yapi? Mtoto ambaye meno ya utotoni bado hayajamalizika kung'oka anayapata wapi makunyanzi? Lakini ndivyo hali ilivyo. Mtindo huu ulivuma kwenye TikTok huko Marekani na Ulaya mwishoni mwa mwaka 2023, hadi watoto wenyewe wakabandikwa jina la "watoto wa Sephora", kwa kuwa ndiko walikoonekana kwa wingi. Basi kama kawaida, kinachoanza kwenye simu hakikawii kufika Ghuba.

Hivi karibuni nilikuwa katika duka moja la vipodozi hapa mjini, natafuta zawadi ya harusi. Pembeni yangu mabinti wawili, wa skuli ya msingi kwa kuwatazama, simu mkononi, wakilinganisha vichupa na orodha waliyoitoa mtandaoni. Muuzaji akawahudumia kwa adabu zote. Akawafungulia chupa ya kujaribia, akawapaka mgongoni mwa mkono, akawaambia hii ndiyo inayokwenda sana siku hizi. Mmoja wao akatoa kadi, akalipa zaidi ya riyali 250 kwa kichupa cha kutosha kiganjani. Kwenye boksi imeandikwa wazi kuwa ni kwa ajili ya ngozi iliyokomaa. Hakuna aliyemuuliza umri wake.

Mimi simlaumu yule muuzaji peke yake. Kazi yake ni kuuza, na hakuna aliyemwekea mpaka. Ninachosema ni kuwa mpaka huo unahitajika, dukani na nyumbani, na unahitajika sasa hivi.

Hebu tuelewane kwanza ndani ya vichupa hivi mna nini. Vingi vina retinoli, ambayo ni aina ya vitamini A. Kazi yake ni kuihimiza ngozi imwage seli za juu na kuotesha mpya haraka zaidi. Mwanamke wa miaka 40 ana sababu ya kuitumia, kwa vile ngozi yake imeanza kupunguza kasi. Ngozi ya mtoto haihitaji kuhimizwa. Inajibadilisha yenyewe, tena upesi kuliko yetu. Vingine vina asidi za kuchubua, kama asidi ya glikoliki, ambazo hulegeza kile kinachozishikilia seli zilizokufa ili zitoke. Mpake mtoto asidi leo, retinoli kesho, vitamini C keshokutwa, kisha mshangae uso umekuwa mwekundu, unawasha, umekauka na kutoka magamba. Yeye atadhani ni uchafu, ataongeza dawa. Na hapo ndipo madhara yanapozidi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatulijui. Ngozi inayopakwa vitu vingi vyenye ukali na manukato inaweza kupata mzio, na mzio wa namna hiyo mara nyingi hauondoki. Mtoto anaweza kukua akawa hawezi tena kutumia sabuni au shampuu hizi na zile maisha yake yote, kwa sababu ya mchezo wa miezi sita alipokuwa na miaka 10.

Halafu ongeza jua. Asidi hizi huifanya ngozi iungue kwa wepesi, na retinoli huiacha ngozi ikiwa dhaifu mbele ya jua. Ndiyo maana watu wazima huambiwa retinoli waipake usiku, na mchana wajipake krimu ya kukinga jua. Sasa sisi tunakaa Doha! Tunaishi kwenye jua ambalo asubuhi tu limeshaanza kuchoma. Mtoto anapaka asidi usiku, asubuhi anakwenda Corniche au bwawani kuogelea bila kinga yoyote.

Na kweli hawapaki kinga. Juni 2025 jarida la kitabibu la Pediatrics lilichapisha utafiti wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Walizikusanya video 100 za TikTok za wasichana wa miaka 7 hadi 18 wakionyesha wanavyotunza ngozi zao. Kila msichana, kwa wastani, alitumia vitu sita. Gharama yake kwa mwezi, kwa wastani, dola 168, yaani kama riyali 610 za Qatar. Katika zile video 25 zilizotazamwa zaidi, kulikuwa na wastani wa viambato 11 vinavyoweza kuiudhi ngozi. Na krimu ya jua, ambayo ndiyo hasa ngozi changa inayoihitaji? Ilikuwemo katika asilimia 26 tu ya taratibu zao za mchana.

Piga hesabu mwenyewe. Nyumba yenye mabinti watatu wakifuata wastani huo inatoa zaidi ya riyali 1,800 kila mwezi, kununua vitu wasivyovihitaji, na kukiacha kile kimoja wanachokihitaji.

Kuna wenzetu walioamka mapema. Apotek Hjärtat, mtandao mkubwa wa maduka ya dawa nchini Sweden, ulitangaza Machi 2024 kuwa hautawauzia tena walio chini ya miaka 15 vipodozi vikali vya kupambana na uzee, isipokuwa kwa ridhaa ya mzazi au kwa tatizo la ngozi linaloeleweka. Hata kampuni ya Drunk Elephant, ambayo vichupa vyake vya rangi za kuvutia ndivyo vilivyowapagawisha watoto wengi, iliandika Desemba 2023 kwenye ukurasa wake wa Instagram kuwaambia wadogo wakae mbali na vile vyake vyenye asidi na retinoli. Umoja wa Ulaya nao, kwa kanuni ya mwaka 2024, umeweka kikomo cha retinoli kuwa asilimia 0.3 katika vipodozi vya uso. Wao wamejali zaidi jumla ya vitamini A inayoingia mwilini kwa watu wote, lakini faida inamfikia na mtoto.

Upande wa pili biashara haijalala. Novemba 2025 mwigizaji Shay Mitchell alizindua chapa inayoitwa Rini, ya vipodozi vya watoto, zikiwemo barakoa za kubandika usoni. Zimetengenezwa ziwe laini, wanasema. Tuseme sawa, laini. Lakini mimi swali langu liko pale pale: mtoto ambaye bado anajifunza kufunga viatu ana haja gani ya barakoa ya uso?

Najua nitajibiwa kuwa wanawake wa pwani tangu zamani tunapenda kujipamba, iweje leo tuwakataze watoto. Ni kweli tunapenda, na tusiache. Liwa, msio, dalia, singo, udi, wanja, hina, vikuba vya asumini na mrehani: hakuna anayehitaji kutufundisha uzuri. Lakini kumbukeni vilikuwa vikitumikaje. Kila pambo lilikuwa na umri wake. Mtoto alitiwa wanja, akapakwa hina ya sikukuu vidoleni, akapakwa mafuta ya nazi nyweleni, basi. Singo ilimngoja bi harusi. Kikuba alikivaa mwanamke aliyeolewa. Katika nyumba nyingi za Unguja, Mombasa na Lamu, mwari akijipaka kisichokuwa cha rika lake aliulizwa mara moja, "We, nani kakuruhusu?" Na lilipofika la kufundishwa, alikuwepo somo wa kumfundisha: hiki kinapakwa hivi, kwa muda huu, kwa sababu hii.

Leo somo ni msichana wa miaka 14 asiyejulikana, anayesema kutoka chumbani kwake ng'ambo, na pengine analipwa na kampuni. Tulichopoteza ndicho hicho. Vipodozi vimebaki, tena vimeongezeka; anayevisimamia ndiye aliyeondoka.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Naujua ukweli wa msemo huo, kwamba mwingine hafunzwi ila na maumivu yake. Lakini wembe ukimkata kidole atauacha saa ile ile. Dawa hizi hazimkati saa ile ile. Zinamkata polepole, na huku zinamfundisha kwamba uso wake una kasoro ya kurekebishwa kila asubuhi na kila usiku. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko riyali 610. Binti wa miaka 10 anayejitazama kwenye kioo akitafuta kosa atalipata tu, hata kama halipo.

Basi tunataka nini? Kwa maduka ya hapa Doha, yote, makubwa na madogo, ombi langu ni jepesi. Wekeni kadi ndogo kwenye rafu za retinoli na asidi za kuchubua, kwa Kiarabu na Kiingereza, iseme kuwa hizi si za watoto. Mfunzeni muuzaji aulize, "Una miaka mingapi?" na, "Mama yuko wapi?" Hakuna biashara itakayofilisika kwa maswali hayo. Naamini duka la kwanza litakalofanya hivyo litapata imani ya akina mama kuliko tangazo lolote.

Kwa wenye mamlaka, msingi upo. Qatar ina Sheria Na. 8 ya mwaka 2008 ya kumlinda mlaji, inayompa mnunuzi haki ya kupata taarifa sahihi za anachokinunua, na nchi za Ghuba zina kiwango cha pamoja cha usalama wa vipodozi, GSO 1943. Kuongeza onyo la umri juu ya hapo si kazi ya miaka kumi.

Na kwetu sisi wazazi? Kukataza kwa makelele hakusaidii. Atanunua kwa siri, au atapaka vya rafiki yake. Mwenye haja ya kujua kwamba wenzake skuli wote wanavyo, na hataki kuachwa nyuma, anahitaji kusikilizwa kabla ya kunyang'anywa. Mpe utunzaji wake mwenyewe, wenye vitu vitatu: sabuni laini isiyo na manukato, krimu ya kulainisha ngozi kwa sababu kiyoyozi kinakausha, na krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi. Muache achague kichupa chenye rangi anayoipenda. Nusu ya raha yao ni hiyo ya kuchagua. Rangi ya kucha ya sikukuu na mafuta ya mdomo yenye harufu ya sitroberi hayajamuua mtu.

Ikiwa ana chunusi za kweli, hasa wa miaka 12 kwenda juu, hilo ni jambo la daktari. Chukua kadi yake ya afya uende kituo chako cha afya. Wakiona haja watampeleka kwa daktari wa ngozi. Kuna dawa za chunusi anazoweza kuandikiwa mtoto, lakini anaandikiwa na anayejua kipimo.

Neno la mwisho ni kuhusu masanduku. Huu ndio msimu wa kwenda nyumbani, na najua kwenye masanduku yanayokwenda Zanzibar, Dar na Mombasa mna hidaya za binamu. Watoto wetu wanawapelekea wenzao vichupa hivi, vingine vimeshatumika nusu, na vinapokelewa kama dhahabu kwa sababu vimetoka Doha. Kule jua ni la ikweta, na krimu ya kukinga jua si kitu cha kila nyumba. Usichokubali kukipaka kwenye uso wa mwanao usimtumie mtoto wa ndugu yako. Mpelekee krimu ya jua. Atashukuru vilevile.

Kabla hamjafunga masanduku hayo, mwite binti akuletee vyote alivyo navyo, mvipange mezani, msome lebo pamoja. Penye retinoli, wekeni upande wa mama. Penye asidi, vivyo hivyo. Muulize nani kamwambia anavihitaji, kisha nyamaza umsikilize. Huenda ukashangaa ni muda gani amekuwa akingoja kuulizwa.